Jina Kwenye Daftari la Kahawa

Binamu yangu anayeishi Minnesota alipokuja nyumbani Krismasi aliniletea zawadi ya kahawa. Ilikuwa pakiti ya karatasi ngumu yenye rangi ya udongo, na ukiifungua inatoa harufu ya ganda la chungwa na sukari iliyoungua kidogo. Upande wa mbele palichorwa milima, na maandishi yalieleza kwamba kahawa hiyo imetoka Peru, imelimwa kwa kilimo hai, na mkulima wake amelipwa bei ya haki. Jina la chama cha ushirika lilikuwapo, na jina la bonde pia. Nilimshukuru kwa dhati, maana alikuwa ameibeba kutoka mbali. Lakini usiku ule nilikaa nayo mezani nikiigeuzageuza. Mimi ni mkazi wa Eldoret. Nikipanda matatu ya Kapsabet asubuhi, kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimesimama katikati ya mibuni ya Nandi, imezaa buni nyekundu tele. Imekuwaje kahawa ya Amerika Kusini inifikie na jina la ushirika wa mkulima wake, na ile ya jirani yangu niinywe bila kujua imetoka kwa nani?

Kusema kweli Eldoret si mji wa kahawa. Ukiingia nyumba ya watu Langas au Kapsoya unawekewa chai ya maziwa bila kuulizwa, na kama una bahati, mursik, maziwa ya mgando. Kahawa kwetu ni ile ya kopo inayokaa kabatini ikisubiri mgeni. Hata hivyo historia ya kahawa imepita mlangoni petu kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa reli na kwa Barabara ya Uganda, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa vitu ambavyo watu wengi hawavitazami mara mbili: leseni, kipande, hati ya shamba, kadi ya mwanachama, risiti ya mizani. Kila kizazi kimekuwa na daftari lake, na kila daftari limekuwa na watu walioandikwa humo na watu walioachwa nje.

Tuanze na mti wenyewe. Arabika ni mti wa misitu ya Ethiopia. Kutoka Kaffa mpaka Eldoret si mbali kwa ndege arukaye moja kwa moja, ila mbegu haikuja kwa njia hiyo. Ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa wakaichukua kutoka huko na kuipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, na hapo ikagawanyika njia mbili. Katikati ya karne ya 19 uzao wake mmoja ukapelekwa Brazil. Uzao mwingine uliletwa na mapadre wa Roho Mtakatifu hadi Bagamoyo, walikofungua misheni yao mwaka 1868. Kutoka pwani mapadre hao waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha Kibwezi, kisha St. Austin's kando ya Nairobi. Walowezi wakaiita kahawa ya Misheni ya Wafaransa, na ndiyo waliyopanda nayo nyanda za juu. Kwa hiyo mbuni wa Nandi na mbuni wa São Paulo ni ndugu wa ukoo mmoja waliopotezana baharini. Kila mmoja akilala njaa au akishiba, mwenzake husikia.

Uwanda wetu wa Uasin Gishu ulipata walowezi mapema. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu chini ya Jansen van Rensburg ulipanda huku na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, mji ukaitwa hivyo hivyo, na wazee mpaka leo wanasema Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Lakini mji uko juu, takriban mita 2,100, na baridi ya usiku wake mkulima wa kahawa haipendi. Ngano na mahindi vikachukua uwanda. Kahawa ikatafuta miteremko ya kusini, kule ardhi inaposhuka kuelekea Songhor, Koru na Muhoroni, mahali penye joto la mchana na mvua ya jioni.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wanandi walipigana na wakoloni kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka 19 Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada yake watu walisukumwa ndani ya hifadhi, na ardhi iliyokuwa karibu na reli ikagawiwa wageni. Hapo ndipo mashamba makubwa ya kahawa na baadaye ya chai yalipowekewa mipaka.

Mwaka ninaourudia mara nyingi kichwani ni 1918. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha mashamba ya kahawa: asiyeandikishwa hana kahawa halali. Mwaka huo huo ikapitisha sheria ya vibarua wakazi, iliyomtaka Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mzungu amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Miaka miwili haikupita, kipande kikaanza kuning'inia shingoni mwa wanaume, kwenye kikopo cha bati, kikiwa na alama za vidole na jina la mwajiri. Kwa hiyo mzungu wa Songhor aliandikwa katika daftari la wenye kahawa, na aliyempalilia kahawa hiyo akaandikwa katika daftari la vibarua. Mmea ni mmoja, jasho lilikuwa la mmoja, lakini majina yalikaa katika vitabu viwili visivyofunguliwa chumba kimoja.

Sababu walizotoa walowezi zilikuwa nyingi. Mwafrika akiruhusiwa kulima kahawa, walisema, ataeneza magonjwa, ataiba buni za jirani na kudai ni zake, ataharibu sifa ya kahawa ya Kenya kule London. Ile kubwa zaidi waliinong'ona: akiwa na kahawa yake hatatoka kwenda kufanya kazi kwa mwingine. Kuhusu magonjwa, wakati walipokuwa wakisema hayo, chulebuni, ule ugonjwa unaoifanya buni changa iwe nyeusi na kunyauka mtini, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, katika mashamba yao wenyewe. Hakukuwa na Mwafrika wa kulaumiwa.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa tofauti, na hili halikufichika. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wakilima kahawa yao, na mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa mbele. Mwaka 1933 chama hicho kikageuka kuwa KNCU, ushirika ambao bado upo Moshi. Kenya ilisubiri mpaka miaka ile ya 1930 ndipo Waafrika wa Kisii, Embu na Meru wakaruhusiwa kupanda miche michache, makusudi mbali na mashamba ya walowezi. Nandi haikuwemo. Wakati huohuo, kwenye shamba la Legetet karibu na Muhoroni, palichaguliwa mibuni iliyostahimili kutu ya majani, na aina hiyo ikapewa jina la K7. Bado inalimwa. Mikono iliyoikagua, kuipogoa na kuihesabu miti hiyo mstari kwa mstari ilikuwa ya vibarua ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kupanda hata mmoja nyuma ya nyumba.

Sasa niirudie ile pakiti ya binamu yangu, maana bonde lililoandikwa juu yake lilinifanya nitafute habari zake, na nilipozipata nilikaa kimya kwa muda.

Katika jimbo la Cusco kuna bonde liitwalo La Convención. Safu ya Andes huteremka hapo kwa ghafla kuingia misitu ya joto. Karne ya 20 ilipoanza, bonde zima lilikuwa mikononi mwa mabwanyenye wachache wa mashamba makubwa. Wakulima wa Kiquechua walishuka kutoka milima ya baridi wakapewa viploti kwenye miinuko ambayo bwana hakuihitaji, na kwa malipo ya kiploti hicho walimfanyia kazi bure idadi fulani ya siku kila mwezi. Waliitwa arrendires. Mtu wa Uasin Gishu akisoma hayo hahitaji kufafanuliwa. Ndio maskwota wetu, wale vibarua wakazi, kwa jina la Kihispania. Wao lakini walipata kitu ambacho maskwota wetu walinyimwa: kwenye viploti vyao walipanda kahawa. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya Vita vya Pili, mkulima aliyepewa mwinuko wa mawe akajikuta ana fedha, na bwana akaanza kumtolea macho na kumfukuza ili aichukue ile mibuni.

Hawakukubali. Mwaka 1958 vyama vya wakulima vya bonde hilo viliungana kuwa shirikisho moja. Mwanafunzi wa kilimo kutoka Cusco, Hugo Blanco, alikuja kuishi nao akawa mmoja wa viongozi, na mwaka 1962 wakulima waligoma: hapana siku za bure tena, na kiploti ninacholima ni changu. Damu ilimwagika. Blanco alikamatwa mwaka 1963 na kufungwa miaka mingi. Lakini mwaka huohuo serikali ya kijeshi ya Peru ilitoa sheria ya kugawa ardhi kwa ajili ya bonde hilo peke yake, miaka sita kabla ya mageuzi ya ardhi ya nchi nzima. Mwaka 1967, mjini Quillabamba, vyama vya ushirika vya kahawa vya bonde hilo vilijikusanya kuwa muungano mmoja, COCLA, wauze kahawa yao bila mtu wa kati. Nchi hiyo leo iko katika mstari wa mbele duniani kwa kuuza nje kahawa ya kilimo hai, na mizizi ya kahawa hiyo iko kwenye mgomo ule.

Miaka hiyo hiyo, 1962 na 1963, huku kwetu bendera ilikuwa inabadilishwa. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kukatwa vipande, na aliyetaka kipande alilipa arbuni na kuchukua mkopo. Wengi walipata, wengi zaidi walikosa, na waliopata walitumia miaka wakiilipia ardhi ambayo babu zao walinyang'anywa. Kahawa nayo ilikuwa imeshafunguliwa. Vyama vya ushirika vikaota, viwanda vya kumenya buni vikajengwa kando ya vijito, na mwanamume wa Nandi au Kipsigis akaingia katika daftari la wenye kahawa. Nasema mwanamume. Hati ya shamba ilikuwa na jina lake, na kadi ya ushirika ilifuata hati. Nitalirudia hilo.

Kabla ya hapo sina budi kusimulia Chepkube, kwa sababu ndipo wazee wa magharibi walipojifunza kwa macho yao kwamba bei ya kahawa yetu hupangwa Brazil.

Julai 1975 usiku mmoja wa baridi kali uliipiga Paraná, jimbo la kahawa kusini mwa Brazil. Asubuhi majani yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mamia ya mamilioni ya miti yalikufa. Dunia ikaamka bila kahawa ya kutosha, na ratili moja iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola moja ikapita dola tatu ilipofika mwaka 1977. Ndugu wa Brazil alikuwa amekufa kwa baridi, na ndugu wa Afrika Mashariki akageuka dhahabu kwa usiku mmoja.

Uganda ilikuwa na kahawa nyingi kuliko Kenya, lakini ilikuwa na Idi Amin pia. Bodi ya serikali ilimlipa mkulima wa Bugisu shilingi zisizonunua hata sabuni, na mara nyingi haikumlipa kabisa. Ng'ambo ya mpaka, chini ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, palikuwa na kijisoko kiitwacho Chepkube, na hapo wanunuzi walisubiri na pesa za Kenya mkononi. Basi kahawa ikateremka mlimani usiku kucha, kwa vichwa vya watu, kwa punda, kwa baiskeli zilizotolewa pedali zikawa za kusukumwa tu. Neno la wakati ule lilikuwa magendo, na wengine walilitamka kwa fahari. Amin alitangaza kifo kwa wanaoikimbiza kahawa nje, lakini aliyeshindwa kulisha watoto hakuona tofauti kubwa. Malori yaliyopakia Chepkube yaliteremka na kuendelea na safari hadi kwenye vinu na bandari. Watu walitajirika kwa msimu mmoja. Zilikuja nyumba za mawe, magari ya Peugeot na mahari za kusimuliwa. Na ukimuuliza leo mzee aliyeona hayo kahawa ile ilikuwa ya nani, atakuambia ilikuwa ya Chepkube. Yule Mgisu aliyeipanda hakubaki na jina popote. Bei ilikuwa ya juu kuliko alivyowahi kuota, na haki yake ilibaki kuwa noti alizopewa gizani na mtu asiyemjua.

Baada ya Brazil kupanda upya, bei ikashuka. Bado palikuwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa, uliowekwa mwaka 1962, ambao kwa migao ya mauzo ulizuia bei isianguke kabisa. Kenya ilivuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, na haijawahi kufikia hapo tena. Julai 1989 mkataba ukavunjika. Kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni, bei ikapungua takriban nusu, na ilipofika mwaka 2001 ratili moja haikufikisha senti 50 za dola, haitoshi hata kulipa wachumaji. Hapa Kenya kung'oa mbuni bila ruhusa lilikuwa kosa kisheria, kwa hiyo watu waliiacha tu. Wakapanda mahindi katikati ya mistari, wakaacha majani ya mbuni yaanguke yenyewe. Mwaka 2009 KPCU, muungano wa wakulima ulioanza mwaka 1937, uliwekwa chini ya mfilisi. Uzalishaji wa nchi nzima ulishuka hadi kati ya tani 40,000 na 50,000.

Mwaka mmoja tu kabla ya mkataba kuvunjika ndipo lilipozaliwa lile wazo la bei ya haki lililoandikwa kwenye pakiti yangu. Padre wa Kiholanzi, Frans van der Hoff, aliishi tangu mwaka 1980 na wakulima wa kahawa wa Oaxaca, Meksiko, akilima mwenyewe. Wakulima hao, wa jamii za Wazapoteki na majirani zao, walianzisha ushirika wa UCIRI. Hawakutaka msaada, walitaka kuuza. Pamoja na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad, van der Hoff aliibuni alama ya kubandika kwenye pakiti madukani Uholanzi, na mwaka 1988 kahawa ya kwanza yenye alama ya Max Havelaar ikauzwa. Jina lilichukuliwa kutoka riwaya ya mwaka 1860 ya Multatuli, iliyowaaibisha Waholanzi kwa yale waliyowatendea wakulima wa kahawa wa Java. Mwaka 1997 mashirika ya alama kama hizo yaliungana, na tangu mwaka 2002 ikawapo alama moja ya Fairtrade.

Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuteremka chini yake, hata soko lianguke namna gani. Katika maafa ya mwaka 2001 sakafu hiyo ilikuwa dola 1.21 kwa ratili, na juu yake senti 5 za maendeleo, wakati wasio na alama walikuwa wakipata chini ya nusu ya hapo. Agosti 2023 sakafu ya arabika iliyooshwa ilipandishwa hadi dola 1.80. Kahawa ya kilimo hai inaongezewa senti 40, na senti 20 zaidi huenda kwa chama cha ushirika, wanachama wakakae waamue kama watanunua mashine, wajenge darasa au waweke lami kijibarabara chao. Soko likipanda juu ya sakafu, mkulima hulipwa bei ya soko. Sakafu inamhusu mkulima siku mbaya, na mkulima wa kahawa anajua siku mbaya zilivyo.

Mbona basi tulichelewa? Wengi husema wakulima wetu hawakujua. Si kweli. Sheria ndiyo iliwafunga. Kenya iliipitisha kahawa yote kwenye mnada wa Nairobi, na mpaka katikati ya miaka ya 2000 chama cha ushirika hakikuruhusiwa kuingia mkataba moja kwa moja na mnunuzi wa nje. Biashara ya haki inataka mikataba ya namna hiyo hasa, na inataka kahawa ifuatwe kutoka kiwandani mpaka kikombeni bila kupotea katika magunia ya wengine. Dirisha la pili, yaani njia ya kuuza moja kwa moja, lilipofunguliwa, Kagera na Kilimanjaro walikuwa wameshatangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Waganda wa Mlima Elgon walikuwa wametangulia pia. Huko Mbale, kwa basi la siku moja kutoka Eldoret, kuna ushirika wa Gumutindo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Unauza kahawa ya Bugisu ya kilimo hai kwa alama ya Fairtrade. Hao ni watoto wa wale walioteremka Chepkube usiku. Karibu nao kuna ushirika wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004 na J. J. Keki, Myahudi wa jamii ya Abayudaya, baada ya kushuhudia minara ya New York ikianguka mwaka 2001. Aligonga milango ya majirani zake Waislamu na Wakristo akiwataka waunganishe kahawa zao ziuzwe pamoja. Wakakubali, na mnunuzi wa California akaichukua.

Kilimo hai kwetu kina ugumu wake. Mkulima wa Kenya alifundishwa tangu ukoloni kupuliza dawa ya shaba dhidi ya chulebuni, na akiacha ghafla anapoteza nusu ya mavuno. Cheti nacho kinataka miaka mitatu ya kulima bila kemikali kabla hujaanza kulipwa ile ziada. Alama yetu ya Afrika Mashariki, Kilimohai, ipo tangu kanuni za pamoja zilipopitishwa mwaka 2007, lakini utaiona zaidi kwenye mboga na asali. Kilichosaidia ni mti. Mwaka 1985 watafiti wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu pamoja, na mama wa chotara huyo ni Catimor aliyeletwa kutoka Kolombia. Kwa hiyo kwenye miteremko ya Nandi leo unaweza kusimama chini ya mti ambao upande wa mama ni wa Amerika Kusini, ukaupa samadi tu, na ukavuna. Wale ndugu waliotengana Bourbon wamekutana tena shambani kwetu.

Nilisema nitalirudia jambo la hati na wanaume. Katika vilima vya upande wa Kipkelion, mpakani mwa Kericho na Nandi, kuna ushirika wa Kabng'etuny, na huko Nandi kuna wa Kapkiyai. Vyama vyote viwili vilikuwa na alama ya Fairtrade. Wanawake walichuma, walibeba, walipalilia, walisimama foleni kwenye mizani. Malipo yalipofika yaliingia kwa mwanachama, na mwanachama alikuwa mume. Kwa desturi zetu mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi, na ardhi haikuwa ya mke. Haki iliyotoka Uholanzi ilifika mpaka lango la boma ikasimama hapo.

Katika miaka ya 2010, Fairtrade Africa, wakisaidiwa na wenzao wa London na fedha za bahati nasibu ya Uingereza, walikwenda kukaa na familia za vyama hivyo viwili. Hawakugusa hati za mashamba; wangegusa, mazungumzo yangekufa siku hiyohiyo. Waliomba kitu kidogo zaidi. Mume amkabidhi mkewe sehemu ya mibuni, miti yenyewe bila ardhi iliyo chini yake, ili mke aandikishwe mwanachama kwa nambari yake na alipwe kwa jina lake. Wapo waliokataa na wapo waliofikiri mke akipata pesa ataondoka. Lakini mmoja baada ya mwingine, wanaume walitembea mistarini na wake zao wakahesabu miti, na mamia ya wanawake wakaingia daftarini. Walifundishwa kupogoa, kuweka hesabu, kuchagua buni zilizoiva sawasawa. Nyumba kadhaa zikawekewa gesi ya samadi ili muda wa kutafuta kuni upungue. Kahawa yao ilianza kutengwa na kuuzwa kama kahawa ya wanawake.

Novemba iliyofuata ile zawadi nilikwenda mwenyewe kwenye kiwanda kimoja cha ushirika kule Nandi. Eldoret ilikuwa imeshapewa hadhi ya jiji, Agosti 2024, na ukame wa Brazil ulikuwa unaipandisha bei tena. Baadaye, Februari 2025, ratili ingepita dola nne. Tayari watu walikuwa wachangamfu. Serikali ya kaunti ya Uasin Gishu nayo, iliyochoka kuona mahindi yakioza kwa kukosa bei, ilikuwa imegawa miche ya kahawa na parachichi miaka ya karibuni, hata majirani zangu wa mashamba ya Turbo wakaanza kuuliza habari za kupogoa.

Kiwanda kiko kando ya kijito. Mashine ya kumenya inanguruma, maji mekundu yanatoka upande mmoja na buni zenye utelezi upande wa pili, zinaingia kwenye matangi kuchachuka usiku mzima ndipo zioshwe na kuanikwa mezani. Ile iliyokataliwa na mizani, iliyokaushwa na ganda lake, ndiyo huku kwetu tunayoiita mbuni, jina lile lile la mti, na bei yake ni ndogo. Wakulima walikuwa wameketi chini kwenye magunia, wakichambua: nyekundu huku, kijani kule. Karani alikuwa kijana wa shati jeupe, ana daftari refu lenye mistari ya bluu.

Mama mmoja wa makamo alipandisha ndoo zake mbili kwenye mizani. Karani akasoma kilo ishirini na tatu na nusu, akaandika. Mama akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Mama akamwomba amwonyeshe mahali alipoandika, akainama, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina. Lilikuwa lake, majina yote mawili, na nambari ya uanachama ikiwa upande wa kushoto. Akapokea risiti, akaikunja mara mbili na kuifunga kwenye ncha ya leso yake.

Kisha akajaza ndoo zile zile maganda mekundu kutoka lundo lililo nyuma ya mashine, akajitwika moja na kuishika nyingine mkononi, akaanza kupanda nayo mlima kwenda kurutubisha mibuni yake, hamsini na miwili kwa hesabu aliyonipa.